Eli Ndogo Mahali pa Moja

Hospitali ile ya macho ilikuwa na madaktari wanne, manesi kumi na mmoja, na mtu mmoja tu aliyejua kila alama ya kompyuta inakaa wapi. Huyo alikuwa mchapaji wa ofisi ya mafaili, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwili umejaa, sauti ya kukwaruza, ambaye kuanzia mlinzi wa getini hadi Daktari Mkuu walimwita Mama Taipu. Chumba chake kilikuwa kati ya mapokezi na stoo ya dawa za matone. Mlango aliacha kuufunga zamani, maana haikupita nusu saa bila kichwa kuchungulia.

"Mama Taipu, ile digrii ya kwenye vipimo vya miwani naipataje?"

"Shikilia Alt, halafu gonga sifuri moja saba sita kwenye vitufe vya pembeni kulia."

"Na ile ya jumlisha juu, kutoa chini?"

"Sifuri moja saba saba. Andika mkononi basi, kesho usinirudie."

Kesho walirudi. Hakuchukia, kusema kweli alipenda. Alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, macho yako kwenye fomu ya daktari, mdomo unaongea na mgonjwa dirishani, na mikono inafanya yake kana kwamba ni watu wengine wawili walioajiriwa kumsaidia. Mwandiko wa madaktari, ambao hata wafamasia waliusoma kwa kubahatisha, yeye aliusoma kama gazeti. Na hakukosea. Hilo alilisema mwenyewe bila haya: tangu atoke chuo cha uhazili, hakuna barua yake iliyowahi kurudishwa.

Sasa, miezi minne kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, hospitali ilibadilisha namna ya kuwaita watu wa upasuaji. Zamani nesi mmoja, aliyeitwa Sista wa Orodha, ndiye aliyepitia fomu kwa macho yake na kuchagua. Kazi hiyo ikapewa kompyuta. Daktari akishampima mgonjwa aliandika kundi lake: kundi la 1 ni wale ambao jicho likicheleweshwa linapotea moja kwa moja, la 2 ni wanaoweza kusubiri kidogo, la 3 wanaoweza kusubiri sana. Mama Taipu anaingiza fomu kwenye mashine. Kila Jumatatu mashine inapanga makundi kuanzia namba ndogo kwenda kubwa na kutoa karatasi yenye watu kumi na wawili wa juu, majina na namba za simu tu. Sista wa Orodha anawapigia. Alhamisi wanakuja madaktari wa upasuaji kutoka hospitali kubwa, wanafanya kazi yao na kuondoka. Ulikuwa utaratibu usio na kujuana, na Mama Taipu aliusifia kuliko wote, kwa kuwa kujuana ndicho kitu alichokichukia duniani baada ya panya.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa, anakaa siku mbili anaondoka wiki tatu, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa nyumba ilikuwa ya wanawake hao wawili, na walizoeana hadi wakawa wanagombana kama mtu na dada yake. Bibi alikuwa fundi cherehani. Jicho lake la kushoto lilikwenda miaka mingi nyuma. La kulia likaanza ukungu, kisha presha ya jicho ikapanda, na siku mkamwana wake alipompeleka hospitali, daktari aliandika kwenye fomu: kundi la 1. Mama Taipu aliichapa fomu hiyo mwenyewe, kama alivyochapa za wengine, akaiweka kwenye rundo.

Wiki zikapita. Bibi akaanza kumimina chai akiwa ameweka kidole kwenye ukingo wa kikombe ili ajue imefika wapi. Akaacha kushona nguo, akabaki na vifungo. Kisha akaacha na vifungo.

"Mkamwana, hawajaniita?"

"Bado, mama. Ni foleni."

"Na wewe si unashinda humo humo ndani? Ungewauliza basi."

"Nikiuliza leo, kesho watasema Mama Taipu amempitisha mama mkwe wake mlango wa nyuma. Wapo wenye hali mbaya kuliko yako, mama. Mashine haina upendeleo."

"Basi hiyo mashine ina roho ngumu," bibi akasema, na wote wawili wakacheka.

Mara moja tu alijikaza akapita kwa Sista wa Orodha, mwanamke mpole aliyezungumza kama anaogopa kuamsha mtoto, akamuuliza kama watu wa kundi la kwanza ni wengi.

"Mimi nasoma kinachotoka kwenye karatasi, Mama Taipu. Kumi na wawili kila wiki. Watakuwa wengi tu."

"Haya." Akaondoka, na njiani akajilaumu hata kwa kuuliza.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, alitoka kwenda kujaza chupa yake ya maji. Kwenye benchi la korido walikaa wagonjwa wa upasuaji wa kesho yake, kila mmoja na kitambulisho cha plastiki mkononi. Wa tatu alikuwa seremala. Alimkumbuka kwa kucha nyeusi ya kidole gumba, iliyopigwa nyundo, na kwa sababu fomu yake aliichapa Alhamisi iliyopita. Siku sita. Kundi la 3. Alikuwa na kinyama kidogo pembeni mwa jicho, na hapo alipokaa alikuwa anasoma gazeti.

"Shikamoo, mzee. Umerudi kupimwa?"

"Marahaba. Sikurudi kupimwa, nimeitwa upasuaji. Hata mimi nimeshangaa. Daktari aliniambia nikae hata mwaka mzima hakuna neno, Jumatatu nashtukia simu."

Chupa ilimponyoka mkononi, ikagonga sakafu na kubingirika chini ya benchi. Hakuinama kuiokota. Alikuwa anatazama nyuso. Huyu mama mwenye kilemba cha kijani, kundi la 3. Huyu kondakta, kundi la 3. Yule kijana wa chuo, kundi la 3, aliingia wiki mbili zilizopita. Alipita benchi lote kutoka mwanzo hadi mwisho na fomu zikamjia kichwani moja moja, maana fomu zote zilipita mikononi mwake. Kumi na wawili wote walikuwa wa kusubiri sana. Na nyumbani bibi alikuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa choo.

Wazo lililomjia lilikuwa moja tu, na lilimjia zima zima: kuna mtu anawapitisha watu.

Sista wa Orodha alikuwa mapokezi, simu sikioni, mbele ya wagonjwa kama ishirini. Mama Taipu alimnyang'anya simu akaikata.

"Ni nani anakupa majina?"

"Majina gani?"

"Usijifanye mtoto mdogo! Pale korido wamekaa watu wa kundi la tatu watupu. Mtu ameandikishwa Alhamisi, leo anaitwa. Wenye macho yanayokufa wako wapi? Mama mkwe wangu yuko wapi kwenye hiyo karatasi yako? Unawapitisha kwa kujuana, na sisi wajinga tunasema mashine, mashine!"

Sista wa Orodha alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Machozi ndiyo yaliyotoka. Mzee mmoja kwenye viti akasema kwa sauti, "Nilijua tu," na wengine wakaanza kunong'ona, na minong'ono ikawa kelele. Daktari Mkuu, aliyekuwa chumba cha pili akimpima mtu, alitoka na tochi yake ndogo bado inawaka.

"Kuna nini hapa?"

Mama Taipu akarudia yote, neno kwa neno, na sauti ile ya kukwaruza ikafika hadi getini. Daktari Mkuu akawatazama wanawake hao wawili, akazima tochi, akasema aitwe fundi wa kompyuta aliyeweka ule utaratibu, na hadi afike hakuna anayegusa mashine.

Fundi alifika saa nane mchana. Alikuwa mwanamama mfupi, bisibisi mfukoni, asiyepoteza maneno. Wakajazana kwenye kile chumba kidogo: fundi kwenye kiti, Daktari Mkuu mlangoni, Sista wa Orodha kwenye kona, macho mekundu, na Mama Taipu amesimama katikati, mikono kifuani, kama shahidi anayejua kesi yake imekwisha.

"Tumtafute aliyeingia kubadilisha," Mama Taipu akasema.

"Kwanza tuone watu wenyewe," fundi akajibu. Akaiambia mashine imletee watu wote wa kundi la 1. Mashine ikafikiri kidogo, ikaleta ukurasa mweupe.

"Hakuna hata mmoja," akasema fundi.

"Haiwezekani. Nimewaingiza mimi, tena wengi. Andika jina la mama mkwe wangu."

Fundi akaandika. Bibi akatokea, jina, umri, simu, na mwisho wa mstari: kundi, 1.

"Si hiyo hapo!" Mama Taipu akapiga kidole kwenye kioo. "Moja hiyo! Wote mnaiona?"

Daktari Mkuu akasogea. "Naiona. Moja."

"Mimi pia naona moja," akasema fundi taratibu. "Ila mashine haioni moja." Akabadilisha aina ya mwandiko wa ukurasa, akaukuza mara nne. Herufi zikavimba. Na ile moja ya mwisho wa mstari ikawa kijiti kitupu kilichosimama, hakina mdomo juu wala kikalio chini. Fundi akasogeza mshale, akagonga kitufe kimoja, na kando ya kile kijiti ikatokea moja halisi, yenye mdomo wake kama kidege.

Daktari Mkuu akainama, akazilinganisha zile mbili.

"Mama," fundi akasema, akinyanyuka kwenye kiti, "hebu kaa hapa uniandikie moja."

Mama Taipu akakaa. Mikono ikajipanga yenyewe. Kidole kimoja kikashuka, tak.

"Tena."

Tak.

"Sasa angalia chini. Ni kidole gani hicho?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alitazama mikono yake ikiwa kazini. Kilichokuwa kimeshuka ni kidole cha pete cha mkono wa kulia. Chini yake palikuwa na herufi l.

"Moja iko huku," fundi akasema, na kuonyesha juu kabisa upande wa kushoto. Vitufe vyote vya mashine ile vilikuwa vimelika. A haisomeki, e imebaki nukta mbili za rangi, sifuri imekuwa na ung'aavu wa mafuta ya vidole. Kitufe cha 1 kilikuwa kipya. Maandishi yake meupe yalikuwa makali kama siku kilipotoka kwenye boksi.

Mama Taipu akakigusa kwa ncha ya kidole.

Ndipo ilibidi awaeleze, na aliwaeleza kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Taipureta aliyojifunzia chuoni haikuwa na kitufe cha moja. Mashine nyingi za zamani zilikuwa hivyo. Walioziunda waliona eli ndogo inafanana na moja, kwa nini waongeze kitufe. Hata alama ya mshangao haikuwepo: unagonga alama ya juu, ile ya kwenye ng'ombe, unarudi nyuma nafasi moja, unagonga nukta chini yake. Mwalimu aliwafunika mikono kwa kitambaa na kupita nyuma yao na rula. Moja, kidole cha pete, kulia. Moja, kidole cha pete, kulia. Miaka miwili. Alipoletewa kompyuta aliona kuna kitufe cha moja, ndiyo, lakini vidole havikuulizwa. Na karatasi zilipotoka zilisomeka vizuri, kwa kuwa aliyezisoma alikuwa mtu.

"Lakini wewe ndiye unayetufundisha digrii," Sista wa Orodha akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuongea tangu asubuhi. "Sifuri moja saba sita. Pale unagonga moja."

Mama Taipu akamtazama kama mtu aliyeamshwa. "Ile ni namba ya alama," akasema. "Sikuwahi kuiona kuwa ni moja ya kuandika."

"Mashine inapanga namba kwanza," fundi akamweleza Daktari Mkuu. "Mbili, na zikiisha, kama sasa, tatu. Herufi inazitupa mwisho. Kama namba zingeisha, herufi zingefikiwa. Ila kila siku zinaingia fomu mpya, kwa hiyo haziishi."

"Wako wangapi?"

Fundi akatafuta eli. Ukurasa ukajaa, ukashuka, ukaendelea kushuka.

"Thelathini na wanane."

Daktari Mkuu akashika fremu ya mlango. "Madaktari wa Alhamisi walinisifu," akasema, na ilikuwa kama anaongea na ukuta. "Mwezi uliopita. Waliniambia, hongera, wagonjwa wako mnawawahi mapema, hatukutani na hali mbaya. Nikasema asante." Akawageukia. "Nikasema asante!"

Fundi alirekebisha. Aliiamuru mashine ibadilishe kila eli ya safu ile iwe moja, akagonga kitufe, na yale majina thelathini na wanane yakaruka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Hilo ndilo lililommaliza Mama Taipu. Alitoka nje, akapita korido akishika ukuta, akaingia choo cha wafanyakazi na kunawa uso.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja mapokezi. Wagonjwa walikuwa wamepungua lakini yule mzee wa "Nilijua tu" bado alikuwepo. Mama Taipu alisimama pale pale alipokuwa amesimama asubuhi.

"Nilimwita huyu dada mla njama mbele yenu," akasema. "Hakufanya lolote. Aliyewachelewesha watu ni mimi, kwa vidole vyangu. Sista, nisamehe."

Sista wa Orodha hakuwa tayari. Alichukua karatasi mpya kutoka kwenye mashine, akahesabu majina kwa kalamu, akasema tu, "Tuna kazi." Lakini alisogeza kiti cha pili karibu na simu.

Wagonjwa wa kesho walikuwa wameshaandaliwa, kwa hiyo simu zilikuwa za wiki ijayo. Walipiga simu wote wawili hadi ofisi ikafungwa, na kesho yake tena. Mama Taipu alitaka azipige zote yeye. Daktari Mkuu akakataa, akasema mtu mmoja hawezi kubeba hilo, ikawa nusu kwa nusu. Kila simu aliianza kwa namna moja: "Mimi ni mchapaji wa hospitali ya macho. Jina lako lilikosewa kwenye mashine, na aliyekosea ni mimi." Wengine walishukuru Mungu na kukata simu mbio ili wajiandae. Mwanamke mmoja alicheka, akacheka sana, hadi ikajulikana kwamba si kicheko. Mmoja alikuwa amefariki kwa ugonjwa mwingine, na mjane wake akasema angalau sasa amejua kwamba hawakusahauliwa kwa makusudi. Namba ya kinyozi mmoja ilipokelewa na mwanawe.

"Baba alishaacha kunyoa," yule mwana akasema. "Mwezi uliopita alimkata mteja sikio. Sasa anakaa ndani tu. Mnamwita kufanya nini?"

"Upasuaji. Alhamisi ijayo."

"Alhamisi ijayo," akarudia yule mwana. "Baba kila Jumatatu alikuwa anashika simu mkononi kutwa nzima."

Jioni ile ya kwanza, Mama Taipu alifika nyumbani akakuta bibi amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio inaongea. Akaizima. Akakaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kuna msiba?" bibi akauliza haraka. "Mwanangu?"

"Mwanao mzima, mama. Ni mimi."

Akamweleza. Ilibidi aeleze mara mbili, maana bibi hakuwahi kugusa kompyuta, na mara ya pili alichukua kidole cha bibi akamchorea magotini, hii eli, hii moja. Bibi akatulia na kidole chake hewani.

"Zinafanana," akasema.

"Zinafanana."

"Na ulikuwa unaniambia wapo wenye hali mbaya kuliko mimi."

Mama Taipu akakunja ncha ya mkeka.

"Miezi mitatu na nusu unaniambia mashine haina upendeleo." Bibi akanyanyuka, akapapasa ukuta hadi chumbani kwake, akafunga mlango. Siku mbili hakusema naye. Alikula alichowekewa, akajibu salamu za majirani, lakini mkamwana wake akipita alikuwa kama upepo tu.

Siku ya tatu, asubuhi, akamwita. "Leta ile kanga yangu mpya. Siwezi kwenda kupasuliwa nimevaa kama mwizi wa kuku."

Alipasuliwa Alhamisi iliyofuata, pamoja na wengine kumi na mmoja, na madaktari wageni wakaomba warudi Ijumaa na Jumamosi ili wamalize wote. Plasta ilipotolewa, daktari alinyanyua vidole viwili, bibi akasema viwili. Akanyanyua vitatu pembeni, bibi akauliza, "Umepeleka wapi mkono?" Katikati aliona vizuri, pembeni hakukuwa na kitu, presha ilikuwa imeshakula kando zote. Alikuwa anaona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Alizungusha kichwa polepole hadi bomba lile likampata mkamwana wake.

"Umekonda," akasema. "Huna raha ya kula?"

Mama Taipu alilia mbele ya madaktari, kilio cha mdomo wazi, na bibi akamwambia aache kumtia aibu.

Wiki tatu baadaye aliingia kwa Daktari Mkuu, akafunga mlango, akauliza swali alilokuwa amelizunguka. Daktari Mkuu alimwambia kwanza kwamba kosa ni la hospitali nzima, kwamba utaratibu uliwekwa bila mtu wa kuuhakiki, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepaswa kushtuka. Akamwambia kwamba kuanzia sasa Sista wa Orodha atasoma kila fomu baada yake, na kwamba barua ya onyo itakwenda kwa watu watatu, mmoja wao yeye Daktari Mkuu.

"Asante. Lakini nimeuliza wangapi."

"Watano," akasema. "Watano tungewawahi, wangekuwa wanaona leo. Sasa hawataona tena."

"Kinyozi yumo?"

"Yumo."

Alitoka bila kuaga. Aliketi mbele ya mashine yake, fomu zimejaa, na kwa saa nzima hakugonga hata herufi moja. Watu waliochungulia kuuliza alama walimwona mgongo, wakarudi walikotoka.

Mwana wa kinyozi alikuja siku chache baadaye. Mwanaume wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, akasimama kwenye dirisha la ofisi ya mafaili.

"Mchapaji ni wewe?"

"Ni mimi."

Mama Taipu alisimama. Alitegemea matusi, na kusema kweli aliyangoja. Yule mwana hakutukana. Alimtazama tu, kuanzia kwenye nywele hadi pale dirisha linapokata, kisha akarudi juu tena, kwa makini, kama anayesoma fomu.

"Unafanya nini?" Mama Taipu akauliza.

"Baba amenituma. Ameniambia, nenda ukamwone huyo mama alivyo, urudi unieleze."

Alishika meza, kikombe cha kalamu kikaanguka na kalamu zikatawanyika sakafuni.

"Usimweleze," akasema hatimaye. "Mwambie nakuja mwenyewe. Jumamosi. Niandikie mahali."

Jumamosi alikwenda, peke yake, bila zawadi, maana hakujua ni zawadi gani mtu hupeleka. Nyumba ilikuwa nyuma ya kibanda cha kunyolea, ambacho kioo chake kilikuwa kimegeuzwa ukutani. Kinyozi alikuwa mzee mrefu, amenyoa ndevu vizuri sana. Alimwambia kaa, akakaa, akaeleza kosa lake lote tangu chuoni. Kisha mzee akaanza. Alimtukana yeye, akaitukana hospitali, kompyuta na aliyeileta, chuo alichosomea, mwalimu mwenye rula. Alimtajia wateja wake kwa majina, na mitindo ya nywele ya kila mmoja, na watoto aliowanyoa kwa mara ya kwanza ambao sasa wana watoto. Mama Taipu alisikiliza. Hakujitetea na hakulia. Mke wa yule mwana akaleta chai, ikapoa. Jua likatoka mlangoni likahamia dirishani.

Alasiri mzee akanyamaza, akapangusa mdomo kwa leso.

"Nimechoka," akasema.

"Nami niondoke, mzee? Nisije nikakuchosha zaidi."

"Ondoka." Mama Taipu akanyanyuka, akatafuta viatu vyake mlangoni. Alikuwa ameshavaa kimoja mzee alipoinua tena sauti kutoka ndani. "Lakini sijamaliza. Jumamosi ijayo uje."

Na Jumamosi iliyofuata akaja.